Sanduku la Nepi

Nepi ya kwanza ilikuwa imelowa.

Fundi Kufuli aliishika kwa vidole viwili, akainusa, akainusa tena. Mkojo. Mkojo mbichi, wenye joto bado, ndani ya sanduku la bati alilolifunga kwa kufuli la mikono yake mwenyewe, na ufunguo haujatoka shingoni mwake wiki nzima. Mtoto wa kuivaa nepi hiyo alikuwa bado tumboni, mwezi wa saba.

"Nani kachezea vitu vya mwanangu?" alifoka.

"Labda makufuli yako yameanza kufunguka yenyewe," mama mkwe alijibu kutoka jikoni. "Wateja wakisikia, umekwisha."

Mkewe alicheka, mkono kiunoni. Fundi hakucheka. Alikuwa mtu wa neno moja. Akisema kufuli hili halifunguki, halifunguki. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika kabla hawajanunua hata pini, naye akaapa kwamba huyu wa tatu atakuta kila kitu. Kila Jumamosi alirudi na kitu: nepi dazani mbili, beseni, sabuni, mafuta, pamba, spiriti ya kitovu. Alivipanga sandukuni kama anavyopanga tupa zake za kuchongea funguo, kila kimoja mahali pake. Cha mwisho kilikuwa kofia ya manjano aliyoifuma mkewe.

Siku ya kofia ndiyo aliyokosea. Furaha ilimzidi, akafunua sanduku na kuita kwa mzaha, "Njoo basi, mtoto! Vitu vyote hivi vyako. Unangoja nini?"

"Baba, usiite hivyo," mama mkwe alimwonya. "Sema mwanangu uliye tumboni. Ukiita ovyo, ataitika yeyote."

"Kwani nyumba hii ina watoto wangapi, mama?" Akabamiza mfuniko, na maneno yakaishia hapo.

Sasa kila akifungua, nepi nyingine ilikuwa imelowa. Sabuni ilipungua. Juu ya mafuta kulikuwa na alama za vidole, vidogo kama punje za maharage. Chumba kikaanza kunuka maziwa yaliyochacha na kutu, na mchana kweupe, redio ikizimwa, ilisikika sauti ya kitu kikinyonya, taratibu, bila haraka, kama kinachojua kwamba hakuna wa kukinyang'anya.

Kisha mkewe akaja karakana, hajafunga hata kilemba. "Fundi," alinong'ona, "gauni lililonibana juzi linanipwaya. Tumbo linapungua."

"Kliniki wamesemaje?"

"Wamesema nile vizuri. Nakula, mume wangu. Nakula mpaka natapika."

Mganga alikuja saa sita mchana, mama mnene mwenye mkoba wa shule. Alilaza sikio juu ya bati, akasikiliza, akainuka uso umemshuka.

"Ulipoita, wako alikuwa bado njiani. Huyu alikuwa karibu. Na anakula cha mwenzake."

"Mtoe basi!"

"Sikumwita mimi. Utasema mwenyewe, mara tatu: wewe uliye sandukuni, nilikosea, ondoka. Neno mtoto usilitaje. Wako wawili humu ndani, na wote wanakusikiliza."

Mke alikuwa amelala chumba cha pili, mama mkwe kamshika mkono. Fundi akapiga magoti.

"Wewe uliye sandukuni, nilikosea, ondoka."

Kunyonya kulikatika.

"Wewe uliye sandukuni, nilikosea, ondoka."

Bati likakwaruzwa kwa ndani, kucha ndogo zikipanda na kushuka, halafu ikatoka sauti nyembamba, tamu, ya mtoto anayejifunza kusema.

"Baba. Ulisema vyote vyangu."

"Endelea," mganga alimhimiza kwa sauti ya chini.

"Baba ni mwongo."

Hapo damu ikampanda, maana katika maisha yake yote alikuwa ameitwa maskini, ameitwa mkali, ameitwa mbishi, lakini mwongo hakuna mtu aliyewahi kumwita, na sasa anaitwa hivyo nyumbani kwake, na kitu kilichokula jasho lake na kumfyonza mkewe, na kabla mganga hajamziba mdomo alikuwa amekwisha simama, mishipa imemtoka shingoni, akipiga kelele zilizotikisa madirisha, "Toka, mtoto wa laana! Sikutaki! Toka!"

Kucha zikaacha kukwaruza bati.

Halafu kutoka chumba cha pili, sauti ya mkewe, ya chini kabisa.

"Fundi. Ameacha kucheza."

Alimgeukia mganga. "Narudia! Nasema vizuri sasa! Wewe uliye sandukuni..."

Mganga alikuwa anafunga mkoba wake.

"Huyo ulimfukuza mara mbili tu, ya tatu hukuitimiza. Aliyekutii ni yule mwingine."

"Basi nimwite arudi! Niambie la kusema, mama. Lolote!"

Mganga akatoka bila kuaga.

Chumba cha pili mama mkwe alianza kulia. Fundi alisimama pale pale, ufunguo kaukaza kiganjani mpaka ukamkata, akilitazama kufuli lake, lile lisilofunguka, likijizungusha polepole na kuanguka sakafuni. Mfuniko ukainuka. Kofia ya manjano ikachomoza, na ndani yake mlikuwa na kichwa.

Mikono miwili midogo ikanyooshwa, ikingoja kubebwa.