Uso wa Jiwe la Ndarugu

Watu wa kwetu wakitaka kunichokoza huniuliza kwa nini sipigwi picha. Kwenye harusi wote wakijipanga mstari, mimi naenda kuangalia sufuria. Nawaacha wacheke. Leo nitasema, kwa sababu waliohusika wamekwisha wote isipokuwa mimi, na sitaki kuzikwa na jambo hili tumboni.

Mwaka wa 1955 niliishi na dada yangu Syombua na mume wake Kiilu kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Ilikuwa Hali ya Hatari. Serikali ilikuwa imewahamisha Wakikuyu waliofanya kazi pale, na sisi Wakamba tukaletwa kujaza nafasi zao, pamoja na Wajaluo. Mimi na dada yangu tulichuma kahawa. Kiilu alikuwa fundi wa mbao wa nyumba kubwa, na akipata nafasi alichonga twiga na simba. Syombua alikuwa na utani mwingi na jicho jepesi la kukonyeza. Alikuwa anaweza kukuchekesha msibani, halafu akuangalie kana kwamba ni wewe usiye na adabu.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Mawe. Alipigana vita huko Siria, na aliporudi alikuja na masanduku ya mawe ya kale. Siku moja alimwita Kiilu barazani akamwonyesha jiwe la kaburi la mwanamke, refu kama mkono, limechongwa kuanzia kifuani kwenda juu. Mwanamke amejifunika shela, mkono mmoja umeishika karibu na shingo. Uso haukuwepo. Mahali pa uso palikuwa na shimo.

"Wewe tengeneza uso," akasema Bwana Mawe. "Uso mzuri ya mtu ya kule."

Kiilu alitusimulia mambo hayo akila. Bwana alimweleza kwamba zamani Warumi waliitawala ile nchi ya jangwani, wakawaletea watu wake namna yao ya kuchonga: sura ya mtu fulani, na mikunjo ya nguo yake. Watu wakaipokea, lakini hawakuacha ya kwao. Mtu wao lazima atazame mbele moja kwa moja, kwa macho makubwa. Tena kwao jiwe la kaburi halikuwa ukumbusho wa mtu. Lilikuwa ndiye mtu mwenyewe.

"Kumbe hata hao walichonga kwa kumfurahisha mzungu," Syombua akasema. "Kama wewe na simba zako. Wewe uliona simba wapi, baba?"

Tulicheka sana. Nakumbuka vile tulicheka.

Kazi ilimshinda Kiilu. Wachongaji wetu huchonga mzee, au askari mwenye mkuki, hawachongi mtu mwenye jina. Alipewa kitabu cha picha, akaharibu mawe mawili. Alisema uso wa mtu asiyemjua hauna pa kuanzia. Basi Jumapili baada ya kanisa akamketisha mke wake kwenye kigoda mlangoni, akachukua jiwe la machimbo ya hapa hapa Ndarugu, akachonga uso wa Syombua. Macho akayafanya makubwa, yanatazama mbele, kama kitabuni. Dada yangu alinikonyeza mara mbili na mara mbili akagombezwa. Siku iliyofuata Kiilu aliupachika uso kwa saruji. Bwana Mawe alifurahi, akalisimamisha jiwe barazani, likitazama shamba.

Siku ya tatu tulikuwa tunachambua kahawa. Upepo ukavuma, kapi la kahawa likaruka likamwingia Syombua jichoni. Likakaa juu ya mboni. Nilingoja apepese. Hakupepesa. Aliendelea kuchambua, akitazama mbele. Nililitoa kwa ncha ya leso, na jicho lilikuwa kavu.

"Huumwi?" nikamuuliza.

"Na nini?"

Siku ya nne aliacha kugeuza shingo. Ukimwita, aligeuka mwili mzima. Siku ya tano nilimshika mkono, ulikuwa baridi, na jua lilikuwa la saa saba. Siku ya sita Tobias, mpishi wa Bwana, alikuja nyuma ya nyumba yetu. Alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, si mtu wa porojo. Alizungumza chini chini.

"Ndinda, ile kitu ya baraza. Mimi nilikuwa napanguza vumbi."

"Ndiyo."

"Imefunga macho. Halafu imefungua."

Nilitaka kumcheka.

Siku ya saba Syombua hakuinuka kwenye kigoda. Alikaa ndani, ametazama ukuta wa udongo, mkono mmoja umeishika leso karibu na shingo. Nilijaribu kuushusha ule mkono. Haukushuka. Midomo yake ilikuwa inasogea kidogo tu, nikatega sikio.

"Ndinda. Mbona naona baraza?"

Nikasema hapana dada, huo ni ukuta.

"Naona kahawa yote. Naona Tobias anaanika nguo. Nitoe huku."

Kiilu alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote. Bwana alikuwa Nairobi siku hiyo. Nikamwambia shemeji, usivunje. Ukiligonga lile jiwe, unamgonga nani? Akasema hatavunja. Atakwangua saruji, autoe uso mzima, auweke mahali ambapo hakuna mtu atakayeupachika tena. Akachukua patasi akaenda.

Nilimkumbatia dada yangu. Nje kulikuwa na jua, kuku wanaparua, mtu anaimba kwenye mistari ya kahawa.

"Anakuja," akanong'ona. "Analia."

Nikamkaza mikononi.

"Mwambie asi..."

Hakumalizia. Mwili wake ukalegea mikononi mwangu, joto likamrudi, akapepesa macho. Akapepesa tena na tena. Nililia kwa furaha, nikambusu mashavu, nikamwita majina yote ya utotoni. Baadaye kidogo Kiilu alirudi suruali imelowa. Alikuwa ameufunga uso kwenye gunia akaushusha taratibu katika kidimbwi kirefu cha mto Ndarugu, chini ya shamba.

"Amepona," nikamwambia. "Mtazame."

Syombua alikuwa ananitazama mdomo. Si macho, mdomo, kama mtu anayeona chombo kigeni kikifanya kazi. Kiilu akamwita. Hakugeuka. Nikampa ugali, akaunusa, akaurudisha. Akagusa ukuta, akagusa nywele zake, kisha akavuta leso ikamfunika kichwa, akaishika shingoni. Akatabasamu. Dada yangu hakuwahi kutabasamu hivyo.

Kiilu alielewa kabla yangu. Aliketi chini.

"Lile jiwe la kale halikuvunjika lenyewe," akasema. "Mimi niliona toka siku ya kwanza. Kulikuwa na alama ya patasi, imepigwa na fundi. Mtu alitoa huo uso makusudi. Nikasema, hiyo si shauri yangu, nimepewa kazi."

Alirudi mtoni mbio. Alipiga mbizi mpaka jua likaingia, na kesho yake, na siku zote za mwezi ule. Alitoa gunia. Lilikuwa tupu. Mvua za Aprili zikaja, mto ukajaa.

Tuliwaambia watu ni homa imemla akili. Walituamini, wakatuombea. Yeye alijifunza Kikamba polepole, kama mtoto, akajifunza kupika, akajifunza kuitika jina la Syombua. Bwana Mawe alikasirikia uso wake uliopotea, halafu akaliuza jiwe. Mimi nilimchukia yule mwanamke wa jiwe kwa moyo wote, nikamlisha, nikamfulia. Hakunitendea ubaya hata siku moja. Kitu kimoja tu alikataa: kuchota maji mtoni. Alitembea maili moja mpaka bomba la kiwandani badala ya kushuka pale Ndarugu, na hakusema sababu.

Februari ya 1959 alipatwa na malaria ya kweli. Siku ya mwisho, mchana, alinishika mkono akanivuta karibu.

"Dada yako yuko mtoni," akasema. "Anaita. Nikipita karibu namsikia, anaita jina lako."

Nikahesabu moyoni.

"Miaka minne?"

"Kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtoa," akasema. "Na mimi ningerudi wapi?"

Akafa hapo hapo, amenishika.

Niliuachanisha mkono wake nikakimbia. Kiilu alinifuata. Ulikuwa ukame, maji ya Ndarugu yalikuwa yamepungua, na kile kidimbwi kilikuwa tope tu lenye unyevu katikati. Hakukuwa na nyayo, za mtu wala za mnyama. Hakukuwa na jiwe. Tulichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Nilimwita dada yangu mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyeitika.

Ila pembeni, kwenye tope laini, palikuwa na alama ya uso uliokuwa umelalia pale. Ilikuwa mbichi, kingo zake hazijakauka. Kiilu alipiga magoti akaifuata kwa kidole: paji, pua, shavu. Alikuwa anaijua kazi ya mkono wake. Alipofika kwenye mdomo kidole kikasimama.

Yeye aliuchonga mdomo ule ukiwa umefungwa. Kwenye tope ulikuwa wazi, na ulimi umegusa nyuma ya meno ya juu, mahali unapokaa mtu akianza kutamka jina langu.