Mshauri wa Nikodemo

Jua lilikuwa limekaribia kabisa vilima Mwajuma alipofunga banda lake la gemu, akajitanda kanga na kuanza kupanda njia ya kwenda kwa Nikodemo. Alikuwa anakwenda kuchukua mashine yake. Basi. Aichukue, arudi kabla giza halijaingia.

Nikodemo alikuwa ameikodi wiki tatu nzima, pamoja na televisheni ndogo, akachezee nyumbani. Mchimbaji mzima, mwenye mke, anakodi gemu! Watu walicheka. Halafu duara lake, lile shimo lililokuwa halitoi chochote tangu masika, likaanza kutoa dhahabu. Kicheko kikaisha.

Kisha Filemoni, mwenzake wa duara, akateleza ngazini akafa. Siku nane baadaye Wangwe akakosa hewa huko huko chini. Nikodemo alikuwepo mara zote mbili. Mara zote mbili alitoka bila hata mchubuko.

Sasa minong'ono ilikuwa imehamia kwa Mwajuma. Asubuhi ile wanawake walinyamaza alipofika kisimani. Mmoja wao, bila kumtazama, aliuliza, "Hivi ile mashine ilitoka wapi?"

Ilitoka Sirari, kwa muuza vitu vilivyokwisha kutumika, ikiwa na kaseti moja isiyo na karatasi juu. Lakini nani angemsikiliza mgeni aliyepanda gari kutoka Tarime kufuata dhahabu ya wenzake? Kesho wachimbaji wangekaa kikao. Mwajuma alishasikia jinsi vikao vya namna hiyo vinavyoisha. Moto kwanza, maswali baadaye.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Kijitu chenye kofia kinakimbia, kinaruka mashimo, kinapanda ngazi. Hapa na pale njiani kuna jiwe la njano lenye macho mawili. Ukiligonga kwa kichwa linalia, ti-ri-ri, maneno yanatokea: ruka hapa, tazama chini, usiguse moto. Kiingereza chepesi, cha kumsaidia mgeni wa gemu asipotee. Wachezaji bandani walilibatiza jina Mshauri. Hakuna aliyewahi kujiuliza Mshauri anafanya kazi kwa nani.

Alimkuta Veronika, mke wa Nikodemo, ameketi uani akichambua mboga. Mlango ameupa mgongo.

"Shikamoo, Mama Shani," alimwamkia Mwajuma kwa jina la mwanawe.

"Marahaba. Mwenzako yupo?"

"Yupo. Na lile lake." Veronika alishusha sauti. "Lichukue, dada yangu. Lichukue leo leo. Siku ya kumi hii nalala jikoni."

Ndani kulikuwa na harufu ya udongo mbichi. Harufu ya duara. Mwajuma alisita. Sakafu ilikuwa kavu, imetandikwa mkeka, na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima...

Nikodemo aliketi mbele ya televisheni, mashavu yamebonyea, pedi ya kuchezea gemu mkononi. Nyuma ya nyumba jenereta ilikuwa inanguruma.

"Nilijua utakuja," alisema.

"Nani kakuambia?"

Alionyesha kioo kwa kidevu.

Mwajuma hakuamini hata kidogo. Alimwona mtu aliyewamaliza wenzake, sasa anatafuta cha kusingizia. Na kama angesingizia mashine, angekuwa anamsingizia mwenye mashine.

"Nikodemo, mimi si mtoto. Filemoni ulimfanya nini?"

"Sikumgusa."

"Ulimfanya nini?"

Alipoanza kusema, alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na kitu kilicho karibu sana.

"Kwangu linaandika Kiswahili, Mama Shani. Siku ya kwanza liliniambia, chimba kushoto. Nikachimba kushoto, nikapata. Siku ya pili likasema, ukifika chini simama. Nikasimama. Jiwe kubwa kama ng'ombe likaanguka hatua moja mbele yangu. Wewe ungeacha kulisikiliza?"

"Na Filemoni?"

"Siku ile liliandika maneno mawili tu. *Mwache atangulie.* Tulipofika kwenye ngazi nikamwambia, tangulia, mura, ndugu yangu. Akatangulia."

"Na Wangwe?"

"Maneno yale yale."

"Ukafanya vile vile."

"Nikafanya."

"Mara ya pili ulijua."

Nikodemo aliweka pedi chini, juu ya mkeka, taratibu. Mwajuma aliinama kuchomoa waya.

Ti-ri-ri.

Hakuna aliyekuwa ameshika pedi. Kwenye kioo kijitu kilikuwa kimesimama chini ya jiwe la njano. Yale macho mawili hayakukitazama kijitu. Yalitazama nje, chumbani. Maneno meupe yakatokea, herufi moja moja.

MWACHE ATANGULIE.

Walisoma wote wawili, na hakuna aliyejua anayeambiwa ni nani.

Mashine ilikuwa ya Mwajuma. Aliyeicheza ni Nikodemo. Mlango ulikuwa mmoja, mwembamba wa kupita mtu mmoja.

"Toka, Mama Shani," Nikodemo alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole mno. "Chukua mashine yako, uende. Mimi nakuja nyuma."

Mwajuma akaelewa kwamba upole ule ule ndio aliousikia Filemoni.

"Toka wewe."

"Wewe ni mgeni wangu."

"Na wewe ndiye mwenye nyumba. Toka."

Jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikazima.

Kioo kikawa cheusi. Ukabaki mwanga hafifu wa magharibi mlangoni, na kimya.

Ti-ri-ri...

Sauti ilitoka chini ya mkeka.

"Nyie!" Veronika aliita kutoka nje. "Huyo wa tatu anayeongea humo ni nani?"

Mwajuma angeweza kukaa pale mpaka Nikodemo achoke. Lakini aliona wazi kwamba akimwacha atangulie, yeye mwenyewe akabaki salama, basi kesho angelisikiliza tena lile jiwe. Na keshokutwa.

Alichukua ncha ya kanga yake akaitia mkononi mwa Nikodemo.

"Shika. Mimi natoka, na wewe unatoka nami. Usiachie."

Alipiga hatua. Kanga ikavutika nyuma yake. Hatua ya pili. Kizingiti. Upepo ukampiga usoni.

Hakuna kilichomtokea.

Kanga ikalegea.

Alipogeuka alisikia kama mtu mkubwa anashusha pumzi. Sakafu ikaondoka. Mkeka, televisheni, Nikodemo... vyote vikashuka pamoja, na vumbi likatoka mlangoni kama moshi.

Walichimba hadi siku ya tatu ndipo wakampata. Machage, msimamizi wa maduara, alieleza kwamba wachimbaji wa upande wa pili walikuwa wamefuata mwamba chini kwa chini hadi chini ya nyumba ile, bila kujua. Ndiyo maana sauti zilipanda na harufu ikapanda. Watu wakatikisa vichwa, wakakubali. Kikao hakikukaa tena. Televisheni ilitoka imevunjika, na pedi ilitoka na waya wake.

Mashine haikuonekana.

Baada ya mazishi Veronika alimfuata Mwajuma bandani alipokuwa anafunga mizigo yake aende Mugumu. Alisimama pembeni muda mrefu, mikono ameikunja.

"Siku ile liliandika nini?"

Mwajuma alijishughulisha na kamba. Kama lilikuwa linamwambia yeye, na angetii, Nikodemo angetoka kwanza. Angekuwa hai.

"Sikuona, mdogo wangu. Kulikuwa na giza."

"Giza liliingia baadaye," Veronika alinong'ona. "Lilipolia nilichungulia mlangoni. Nilisoma. Nilimwona mume wangu anasoma, na wewe nilikuona unasoma."

Alisogea karibu, akamtazama Mwajuma machoni.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Yeye alipoiachia ile kanga, alidhani lilikuwa linamwambia nani?"