Taa ya Kijani ya Bibi Raheli

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai, bibi yangu alinikabidhi vitu vitatu: daftari lenye jalada gumu, kalamu iliyofungwa uzi, na taa ndogo ya mezani yenye kofia ya kijani. Kisha alisema maneno yaleyale.

"Haya Upendo, kakague. Ukague kama mgeni, siyo kama mjukuu wangu."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nikisoma darasa la sita. Niliishi na Bibi Raheli mjini Korogwe, mtaa wa Manundu, katika nyumba yake ya wageni yenye vyumba vinane. Iliitwa Pumzika. Haikuwa na ghorofa wala kiyoyozi. Ilikuwa na korido ndefu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa hadi ikang'aa, mashuka meupe yaliyonyooka, na chai ya tangawizi iliyochemka jikoni tangu alfajiri. Hata leo nikisikia harufu ya tangawizi, naiona korido ile, na nasikia ndala za Bibi zikija polepole.

Kukagua chumba hakukuwa kazi ya kupita na kutazama. Bibi alinifundisha nivue viatu, nilale kitandani na kutulia kidogo, maana godoro lenye shimo halionekani kwa macho. Nishushe chandarua na kutafuta matundu. Nifungue bomba na kungoja mpaka maji yatoke. Nijifungie kwa ndani kisha nifungue tena. Mwisho, nichomeke taa ya kijani kwenye soketi. Ikiwaka, napiga alama ya vema kwenye daftari. Isipowaka, naandika, na fundi anaitwa siku hiyohiyo.

Ukutani pale mapokezi palikuwa na ubao mdogo mweusi. Zamani, kabla ya kila mtu kuwa na simu, Bibi aliandika hapo kwa chaki namba ya chumba na saa ambayo mgeni anataka kuamshwa. Saa hiyo ikifika, alikwenda mlangoni na kugonga. "Hodi, safari imefika!" Hakuondoka mpaka mgeni amjibu kwa kinywa chake.

"Na akikohoa tu, Bibi?" nilimuuliza siku moja.

"Kikohozi siyo jibu," alisema. "Hata aliyelala hukohoa."

Lakini simu zilipoenea, wageni walianza kulalamika kwamba wanagongewa bure. Bibi akaacha kugonga. Ubao ukabaki ukutani, mtupu.

Jumamosi moja ya likizo ya mwezi wa sita, nilikuwa nimemaliza chumba cha nne niliposikia kelele dirishani. Alikuwa Yusra, rafiki yangu wa nyumba ya pili, ameshika mpira wa soksi.

"Wewe Upendo! Tunakungoja wewe tu tuanze rede. Au siku hizi umekuwa meneja?"

"Bado vyumba vinne," nilisema.

"Vyumba havina miguu, vitakukimbia? Haya, tukianza bila wewe usije ukanuna!"

Nilitazama mlango wa chumba namba tano. Wiki iliyopita vyumba vyote vilikuwa vizima. Wiki ya kabla yake pia vilikuwa vizima. Nikaketi kwenye sakafu ya korido, nikafungua daftari, nikapiga vema kwenye godoro, vema kwenye chandarua, vema kwenye bomba, kitasa na soketi. Vyumba vinne vilinichukua muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha nikarudisha taa mahali pake na kukimbilia uwanjani. Nakumbuka kwamba siku ile nilicheza vizuri sana.

Jumapili jioni alifika mgeni kwa gari la Handeni. Alikuwa dada mwembamba mwenye hijabu ya samawati, amebeba begi dogo, na mkononi ameshika bahasha ya kaki kama mtu aliyeshika yai.

"Shikamoo, bibi," alisema. "Naitwa Zuena. Natoka Misima. Naomba chumba cha usiku mmoja."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana. Na safari yako ni ya wapi?"

"Naenda Same, bibi. Nina usaili wa kazi kesho saa tano asubuhi. Nimesomea uuguzi. Nina miaka miwili nyumbani naombaomba kazi, ndiyo mara ya kwanza nimeitwa." Alitabasamu, kisha akaona haya. "Nitaondoka na gari la saa kumi na mbili."

"Nikugongee?" Bibi aliuliza, akiutazama ubao.

"Aa, usisumbuke, bibi. Nina simu. Nitatega alamu."

Bibi alimpa chumba namba sita. Nilimpelekea ndoo ya maji ya moto, nikamkuta amekwisha kutundika blauzi yake nyeupe ukutani ili isijikunje. "Naonekana muuguzi kweli?" aliniuliza, akiiweka kifuani. Nikamwambia ndiyo. Alicheka, akachomeka simu yake kwenye soketi bila kuitazama, akafungua madaftari yake ya chuo.

Asubuhi Bibi alidhani Zuena amekwisha kuondoka, maana wageni wa alfajiri walizoea kuuacha ufunguo mlangoni na kwenda zao. Ilipofika saa mbili kasoro robo, mlango wa namba sita ulifunguliwa kwa kishindo. Zuena alitoka miguu mitupu, simu mkononi, machozi yanamtiririka.

"Bibi, imezima! Nimeichomeka usiku kucha, imezima! Gari limeniacha!"

Bibi hakuuliza swali hata moja. Alichukua simu yake, akampigia Godfrey, konda wa basi la Tanga kwenda Arusha, ambaye alikuwa akinywa chai kwetu tangu mimi sijazaliwa.

"Godfrey, mko wapi?"

"Tuko Hale, Mama Raheli, tunakuja," sauti ilisikika kati ya mlio wa injini.

"Nina binti hapa lazima afike Same. Nitafutie kiti."

"Gari limejaa, mama."

"Godfrey."

"Haya, mama. Kuna abiria mmoja anashuka hapo Korogwe. Awe barabarani, mimi sisimami sana."

Zuena alivaa, Shamsia akambebea begi, mimi nikabeba maandazi yaliyofungwa kwenye karatasi. Shamsia ndiye aliyekuwa mhudumu wetu, dada wa miaka kama ishirini kutoka Ngombezi, ambako mama yake alifanya kazi katika shamba la mkonge. Basi lilipokuja, Zuena alipanda mbiombio. Nilimwona dirishani ameikumbatia ile bahasha. Hata kama gari lingekwenda bila kusimama njiani, angefika amechelewa nusu saa.

Tuliporudi, Bibi alikuwa ndani ya chumba namba sita. Alikuwa amechomeka taa ya kijani kwenye soketi. Haikuwaka.

Alifungua daftari, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Jumamosi ilikuwa nzima," alisema polepole. "Namba sita, soketi, vema. Kwa hiyo imeharibika baada ya hapo. Shamsia, mara ngapi nimekukataza kupigia pasi vyumbani?"

"Mama, wallahi sijapiga pasi humu."

"Mwezi uliopita ulipiga namba tatu, soketi ikaungua."

"Hiyo nilikosa, mama, na nilikuomba radhi. Lakini tangu siku ile napigia jikoni tu. Namba sita sijagusa."

"Daftari linasema ilikuwa nzima." Bibi alilifunga. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Yule binti amengoja miaka miwili, Shamsia. Kusanya vitu vyako, ukapumzike kwenu Ngombezi. Nikikuhitaji nitakuita."

Sote tulijua maana ya maneno yale. Shamsia alifungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaanza kuikunja. Aliikunja vizuri kabisa, pembe kwa pembe, kama alivyokunja mashuka ya wageni. Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Hata darasani nilikuwa nikijua jibu sinyooshi mkono. Lakini nilipoitazama ile kanga ikizidi kuwa ndogo mikononi mwake, niliona wazi kwamba ile vema yangu imesimama mbele ya Bibi kama shahidi, na inamsingizia mtu.

"Bibi," nilisema.

"Ngoja kwanza, Upendo."

"Bibi, daftari ni uongo."

Aligeuka. Nikatazama chini, kwenye saruji nyekundu, nikayasema yote kwa mkupuo: Yusra, mpira wa soksi, korido, vyumba vinne. Nilipomaliza, Bibi alivua miwani yake. Nilitamani anichape, yaishe.

Badala yake alimgeukia Shamsia.

"Mwanangu, nisamehe. Nimeliamini daftari kuliko mdomo wako."

"Nimekusamehe, mama," Shamsia alisema, akaanza kulia. Kisha akanitazama mimi. "Na wewe, kidogo tu ungenirudisha shambani nikakate mkonge." Alitaka iwe utani, huku akijifuta machozi. Nikamshika mkono, nikamwomba radhi. Hakuuondoa.

Mchana fundi Ernesti alifungua ile soketi. "Panya, mama," alisema, akatuonyesha waya uliotafunwa. "Na hili siyo la jana. Tazama kutu hii. Lina siku kama tano au sita."

Kama ningechomeka taa, ningejua.

Siku ile Bibi alinipa adhabu yangu. "Soketi imekwisha tengenezwa. Leo utalala namba sita," alisema. "Kesho asubuhi uniambie umekutana na nini."

Nililala pale alipolala Zuena. Niligundua kwamba bomba la bafuni linadondosha tone moja moja, na ukishalisikia huwezi kuacha kulisikia. Taa ya korido ilipenya chini ya mlango hadi kwenye mto. Godoro lilikuwa limebonyea upande wa ukutani. Chandarua kilikuwa na tundu karibu na miguu, na mbu alilijua kabla yangu. Vitu vinne, katika chumba nilichokipigia vema zote! Asubuhi nilimsomea Bibi orodha yangu huku nikijikuna.

Hapo ndipo aliponiketisha karibu naye, kwenye benchi la mapokezi.

"Mgeni hana muda wa kukagua, mjukuu wangu," alisema. "Amefika amechoka, anatuamini, analala. Kesho yake ina usaili, au ina mgonjwa hospitali, au ina maziko, hatujui. Ile hoteli mpya ya barabarani ina runinga ukutani na maji moto, na mimi siionei wivu. Lakini hata wao, kama hakuna mtu aliyelala kitandani kabla ya mgeni, hawajui wanachouza. Vema siyo mchoro, Upendo. Ni neno lako. Ukiliandika bila kuona, umesema uongo, na uongo ukishaandikwa hukaa hapo unangoja wa kumuumiza. Jana uongo huo ulitaka kumuumiza Shamsia. Umefanya vizuri kuusema kabla hajafika stendi."

Kisha akasimama, akachukua kitambaa, akaufuta vumbi ule ubao mweusi.

Wiki tatu zilipita. Jumapili moja, likizo ikiwa inakaribia kwisha, gari la Handeni lilimshusha mtu na sanduku kubwa la bati. Nilimtambua kwa hijabu ya samawati.

"Bibi, shikamoo! Nimepata!" Zuena alipaza sauti tangu getini. "Nilifika wameshaanza. Nikawasimulia kweli yote, wakaniambia nikae nyuma, nikaitwa wa mwisho. Sasa naenda kuripoti. Nataka chumba kilekile."

Nilimwambia mwenyewe, mbele ya Bibi na Shamsia, kwa nini simu yake ilizima. Akanivuta sikio, taratibu.

"Kumbe ni wewe! Basi kesho hiyo alamu sitaki. Utaniamsha wewe."

Nikachukua chaki. Nikaandika ubaoni: *6, saa kumi na moja*. Alfajiri ile nilitembea kwenye korido baridi, ndala za Bibi zikinifuata kwa mbali, nikagonga mlango.

"Hodi, safari imefika!"

Ndani, mtu akakohoa.

Sikuondoka. Niligonga tena, na tena, mpaka sauti yenye usingizi na kicheko ikajibu, "Nimeamka, mdogo wangu. Nimeamka."

Bibi sasa ni mzee sana, anapumzika kwao Kwashemshi, na nyumba ya Pumzika ina mwenyewe mwingine. Mimi nilikwenda chuo, na kazi yangu leo ni kukagua hoteli za mijini, zenye lifti na mazulia. Mameneja hunitembeza haraka wakinionyesha mabwawa na kumbi. Wakimaliza, nawaomba ufunguo wa chumba kimoja, navua viatu, nalala kitandani na kutulia kidogo. Kisha nafungua begi langu na kutoa taa ndogo yenye kofia ya kijani. Wengine hucheka. Mimi huitafuta soketi, nachomeka, na kabla haijawaka siandiki kitu.