Walioishia Ukurasa wa Tisini

Kila siku jioni, baada ya masomo, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake ili warudi nyumbani pamoja. Shangazi alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Shule na maktaba zilimletea vitabu vilivyochanika, naye alivishona upya kwa uzi mnene, akavipaka gundi mgongoni, kisha akavibana kwenye mashine mpaka vikauke. Chiriku alifagia vipande vya karatasi, akafanya kazi za shule kwenye kona ya meza, huku akisimulia habari za darasani bila kupumua. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Jina lake la kwenye cheti lilitumika siku za mitihani tu.

Muhula huo darasa la sita lilikuwa na wimbo mmoja: Ufalme wa Ukungu. Ilikuwa hadithi ndefu ya vitabu saba, yenye ndege wa shaba, milima inayohama na malkia asiye na kivuli. Waliovisoma walikaa benchi moja wakati wa mapumziko, wakichekea mambo ambayo wengine hawakuyaelewa. Mkubwa wao alikuwa kiranja wa darasa. "Kama hujasoma Ufalme wa Ukungu," alipenda kusema, "wewe bado hujaanza kusoma."

Chiriku alisubiri zamu yake maktaba kwa wiki tatu. Alipokipata kitabu cha kwanza, alikibeba kama aliyebeba mayai. Alijilaza kitandani, akakifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ramani. Wa pili, orodha ya wafalme kumi na tisa. Kisha msichana mmoja akachunga mbuzi, akachunga tena, na mjomba wake akamweleza nani alimzaa nani. Chiriku aliruka aya mbili, halafu kurasa mbili. Ndege wa shaba hakuonekana hata unyoya. Ukurasa wa tisini ulimshinda. Alikifunga kitabu, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa.

"Enhe, umekionaje?" kiranja alimuuliza kesho yake.

Chiriku aliona nafasi moja wazi kwenye benchi lao. "Sikuweza kukiweka chini!" alisema. "Hata kula nilisahau."

Walisogea, akakaa.

Kimya, aliyeketi naye dawati moja, alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Msichana huyu alivunjika mguu mwaka uliotangulia, akalazwa hospitali muhula mzima. Aliporudi alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Chiriku ndiye aliyempeleka maktaba mara ya kwanza na kumchagulia vijitabu vyepesi. Katika miezi miwili Kimya alikuwa amemaliza vinne, na alivihesabu kwa vidole kwa furaha.

"Kweli kinanoga?" Kimya alimuuliza walipoingia darasani.

Chiriku angeweza kusema ukweli. Lakini kiranja alikuwa nyuma yao. "Kinanoga kama nini! Ukikianza tu, kinakuvuta chenyewe."

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili alitangaza kwamba Ijumaa ya wiki iliyofuata kila mwanafunzi angezungumzia kitabu kimoja alichosoma. Kimya aliacha vijitabu vyake vyote akachukua Ufalme wa Ukungu, kitabu cha kwanza, kutoka kwa Chiriku kabla hakijarudishwa maktaba.

Siku zilipita. Kimya alikuja shuleni na kitabu kwapani, akasoma mapumziko yote, midomo ikicheza. Jumatano alikwenda meza ya mwalimu, akanong'ona, akarudi dawatini macho yakiwa mekundu.

"Vipi?" Chiriku aliuliza.

"Nimemwambia mwalimu sitazungumza. Na maktaba siendi tena."

"Kwa nini?"

"Ninyi wote mnakipenda. Mimi nimefika ukurasa wa themanini, naona majina tu na mbuzi. Nimerudia mara tatu." Kimya alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mguu umepona, lakini nadhani kichwa nilikiacha hospitali."

Chiriku aliinama, akajifanya anatafuta kalamu. Kengele ikalia.

Jioni ile shangazi alishona kitabu kizima bila kusikia habari hata moja. Aliweka sindano chini. "Chiriku wangu leo kameza nini?"

Chiriku alimweleza yote, kuanzia benchi mpaka hospitali. Shangazi alisikiliza, kisha akaelekea kwenye rafu ya vitabu vilivyosubiri matengenezo.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema. "Yako imeishia kwa mwenzako. Kesho mwambie ukweli, kisha mlete hapa. Nina kitu cha kumwonyesha. Lakini uanze wewe kumwambia, mimi sitakusemea."

Kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza, Chiriku alimvuta Kimya nyuma ya darasa. "Nilikudanganya. Sikukipenda. Niliishia ukurasa wa tisini, na kurasa nyingine niliziruka."

"Wiki nzima najiona mjinga," Kimya alisema taratibu. "Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe."

Siku nzima Kimya aliketi pembeni kabisa ya dawati. Lakini baada ya masomo, Chiriku alipomwomba waende karakana, alifuata, hatua tatu nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, usikanyage gundi." Shangazi aliweka mezani nakala nne za kitabu cha kwanza cha Ufalme wa Ukungu, zote kutoka maktaba mbalimbali. "Vitazameni pembeni, mahali vidole vinaposhika."

Wasichana waliinama. Kurasa za mwanzo zilikuwa nyeusi kwa vidole. Kufikia ukurasa wa tisini hivi, weusi ulipungua ghafla, na mbele kurasa zilikuwa safi kama mpya. Kisha shangazi akawapa kitabu cha tatu. Hicho kilikuwa kimechakaa mwanzo mpaka mwisho.

"Watu wote hawa waliacha?" Kimya aliuliza.

"Wengi. Nami nilikiacha mara mbili."

"Sasa mbona watu wanakisifu hivyo?"

"Wanaokisifu wamemaliza vyote saba. Wakikumbuka cha kwanza, wanakikumbuka pamoja na utamu wa vile vilivyofuata. Wewe unakionja peke yake. Halafu mwandishi ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Alikuwa na ufalme mzima kichwani, akaogopa tusije tukapotea, akatueleza kila kitu mlangoni kabla ya kutukaribisha ndani. Alipofika cha tatu, alishajua kusimulia. Mwanzo wa ngoma ni lele."

Kimya alipitisha kidole kwenye ule ukingo mweusi. "Kumbe tuko wengi," alisema. Akamgeukia Chiriku. "Lakini bado nimekukasirikia."

"Una haki," alisema Chiriku.

"Kidogo tu," Kimya akaongeza.

Ijumaa, Kimya aliomba arudishiwe nafasi yake. Alisimama mbele, akaeleza mahali kitabu kilipomchosha na kwa nini. Chiriku alimfuata, akakiri mbele ya darasa zima kwamba alikisifu kitabu ambacho hakukimaliza. Minong'ono ikaanza. Kiranja alikuna kichwa, kisha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nilianzia cha pili. Cha kwanza alinisimulia dada yangu."

Darasa lilicheka, na kiranja mwenyewe akacheka. Mikono mingine minne ikanyooshwa.

Mwalimu alisubiri watulie. "Hakuna aliyekosea kwa kuchoka," alisema. "Kitabu kinaweza kumshinda yeyote, na mwanzo mzito si dalili kwamba msomaji ni mjinga wala kwamba hadithi nzima ni mbaya. Unaweza kukivumilia, unaweza kukiweka kando mpaka siku nyingine. Lakini sema ulichokiona kwa macho yako. Ukisifu usichokipenda ili upendwe, kuna mtu atakuamini, na huyo ndiye atakayeumia. Leo wawili hawa wamesema kweli, na angalieni wangapi wamepumua."