Nani Anaizima Ndege Yetu?

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, wanachama wa chama cha sayansi walisukuma madawati ukutani na kutandaza kazi zao sakafuni. Kona ya dirishani ilikuwa ya mabinti wawili: Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na rafiki yake Kimya, ambaye ukimtoa maneno matatu kwa siku umebahatika. Walikuwa wakiunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, na Ijumaa ingerushwa mbele ya wazazi.

Lakini ndege yenyewe ilikuwa na vituko. Ukiiwasha, taa inawaka, mkia unacheza vizuri. Ukiitaka mota ikaze mwendo, pangaboi linavuma kidogo, kisha puu! Kila kitu kinazima.

"Betri haina kitu hii," alisema Chiriku. "Nani aliichaji jana?"

"Mimi," alijibu Kimya.

Basi hapo shetani akapata kiti cha kukalia. Chiriku alikumbuka kwamba mdogo wake Kimya ana gari la kuchezea linalotumia betri. Kumbe! Wanajichezea huko kwao, sisi tunaletewa makapi!  Siku hiyo aliichukua betri, akaichaji mwenyewe, akaikalia kama kuku aliyeatamia. Kesho yake wakajaribu tena. Puu!

Mtu mwingine angesema, haya, betri ni nzima na mwenzangu hana kosa. Thubutu! Chiriku aliihamishia shaka yake kwenye mota, kwamba huenda Kimya anaichezea, akaanza kumchunguza rafiki yake kwa jicho la pembeni. Akaona kila ndege ikizima, Kimya anaingiza vidole chini ya bawa, anapapasa nyaya, halafu anauficha mkono mfukoni. Anachomoa nini? Na mbona siku hizi hamtazami usoni? "Kimya kingi kina mshindo mkuu," alijiambia.

Alhamisi uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu! Kuna mtu anatuharibia ndege! Kila ikizima anachomoa kitu anakitia mfukoni. Atolewe kwenye chama!"

Chumba kizima kiligeuka. Kimya alibaki amesimama, machozi yakimlengalenga. Chama hiki ndicho kitu pekee alichokipenda shuleni.

Mwalimu wa sayansi hakuugusa mfuko wa mtu. "Watu tutawauliza baadaye," alisema. "Kwanza tuiulize ndege."

Alileta kipima umeme, akamwambia Chiriku aiendeshe mota taratibu. Alipima kwenye betri: umeme tele. Akapima mbele kidogo, baada ya mahali nyaya zilipoungwa: namba ikaporomoka.

"Mnaona? Umeme unatoka betrini, ila haufiki mbele. Unapotelea hapa katikati." Aligusa kiungo, akaurudisha mkono haraka. "Lo! Panaunguza!"

Alizima ndege, akabandua utepe mweusi uliofunika kiungo. Ndani, nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole tu, bila hata tone la risasi ya kulehemu. Kwa kuwasha taa ziliweza. Mota ilipodai umeme mwingi, zilishindwa.

"Nani aliunga hapa?"

Chiriku alijua. Siku ile foleni ya chuma cha kulehemu ilikuwa ndefu, naye subira hana. Alisokota, akazungushia utepe vizuri ukapendeza, akaendelea na hadithi zake.

"Mimi, mwalimu," alisema.

"Na wewe, mfukoni una nini?"

Kimya alitoa mkono mtupu. Kidoleni palikuwa na lengelenge la moto. "Nilihisi panachemka pale. Nilimwambia Chiriku siku ya Jumanne, akasema nisimfundishe kazi. Ndiyo maana nikawa nahakikisha. Kidole nilikificha ili habari zisifike nyumbani wakanikataza kuja."

Waliunga nyaya upya, safari hii kwa kulehemu. Ijumaa ndege ilipaa juu ya uwanja, Kimya akiiongoza, wazazi wakishangilia. Lakini ilipotua, alimkabidhi Chiriku rimoti, akaenda kukaa peke yake kwenye benchi.

"Mwalimu, nimemwomba radhi jana," Chiriku alilalamika. "Mbona bado amenuna?"

"Ulimwomba radhi wapi?"

"Pale nje, tukiwa wawili."

"Na kumshtaki, ulimshtakia wapi?"

"Mbele ya watu wote," alijibu Chiriku.

"Sikiliza, mwanangu," mwalimu alisema. "Waya ukiushuku bure, hauumii. Mtu anaumia. Kitu kikiharibika, anza kukagua kazi ya mikono yako mwenyewe, na usimtaje mwenzako mpaka uwe na hakika."

Chiriku aliwaita wanachama wote, akasimama mbele yao. "Nilimsingizia mwenzangu. Aliyeharibu ndege ni mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akiitafutia dawa."

Kisha akaenda hadi kwenye benchi.  Kimya alisogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa.