Ukuta Ulioota Ndevu

Mrisho, kinyozi wa Mlandege pale Iringa mjini, alikuwa msafi mpaka kero. Akimaliza kichwa hufagia nywele na kuzitia kwenye debe, na mteja hainuki kitini kabla ya kuuliza, "Utazizika?" Naye hujibu, "Nitazizika, ndugu yangu." Nani asiyejua kwamba nywele za mtu zikiokotwa na mwenye nia mbaya, mwenyewe ameisha? Watu walimwamini.

Mwaka jana, 1957, akapata mashine ya kunasia sauti kutoka kwa Mgiriki mmoja wa tumbaku aliyekuwa akirudi kwao. Mkewe, Rukia, alikuwa na sauti, jamani! Akiimba harusini wapishi wanaunguza wali. Sifa zikafika Dar es Salaam, na mtu wa redio akaahidi kupita Jumamosi kuuchukua utepe wenye sauti yake. Tatizo lilikuwa chumba. Bati juu, saruji chini, kuta tupu. Rukia akitamka neno moja, yanarudi matatu. Mgiriki alikuwa ameshamwambia Mrisho kwamba kuta zinataka kuvalishwa kitu kizito chenye manyoya, kinachokunywa sauti.

Mablanketi angeyatoa wapi? Akayatazama madebe ya nywele za miezi mitano, ambazo kwa uvivu wake hakuwahi kuzizika. Akazikoroga na udongo mwekundu, akakandika kuta zote nne, unene wa kiganja. Mvi za wazee, nywele za watoto wenye mapunye, zote humo humo. Ptuu! Mtu na akili zake!

"Mume wangu, humu mnanuka kichwa kisichooshwa," Rukia alisema, ameziba pua.

"Udongo ukikauka harufu itaisha. Wewe imba."

Mrisho akapiga kofi. Mwangwi haukurudi. Akacheka kwa raha. Rukia akaimba wimbo mzima huku mashine ikizunguka. Walipousikiliza utepe, hapakuwa na kitu, hata pumzi. Akaimba tena. Akaimba tena. Kila mara sauti ilimtoka nyembamba zaidi, na Alhamisi jioni alikuwa akinong'ona tu.

Ijumaa asubuhi Mrisho alikuta ukuta umeota. Vinywele vigumu, vya ndevu za siku mbili. Akapitisha kiganja. Ukuta ulikuwa na joto, ulikuwa na jasho, na mba ukamwagikia miguuni pake. Alitapika pale pale.

Alipopata nguvu, akaweka sikio. Ndani ya ukuta Rukia alikuwa akiimba, kwa ile sauti yake ya harusini. Wanaume wengi wakimwitikia.

Akamkimbilia mzee Kalinga, mteja wake wa siku nyingi, akamweleza yote. Mzee akajishika kisogo.

"Na zangu zimo?" alinong'ona.

"Zimo, baba."

"Laana yako! Ubomoe leo hii. Bomoa kwa jembe. Wembe usiuguse."

Lakini kinyozi ni kinyozi. Mgeni wa redio anakuja kesho, na sauti ya mkewe imo mle. Angebomoa vipi? Akafikiri, nikiutengeneza vizuri labda utaiachia. Akakoroga povu. Akaupaka ukuta. Akanoa wembe.

Kwaruu. Kwaruu.

Waitikiaji wakanyamaza, mmoja mmoja. Akabaki Rukia peke yake, akiimba karibu kabisa na wembe. Wembe ukateleza. Ukuta ukachanika. Ukatoka usaha, wa njano, wa uvuguvugu, ukamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Nyuma yake mlangoni Rukia akapiga ukelele. Nusu ukelele. Nusu ya pili ilitokea ukutani.

Majirani walibomoa siku ile ile, kila mtu kafunga kitambaa puani, wakafukia udongo wote mbali na nyumba. Mtu wa redio alikuja, akaondoka mikono mitupu. Rukia yu hai, anapika, anafua, ila neno halijamtoka tena. Mrisho ameacha kazi ya kunyoa watu.

Lakini wembe hajautupa. Kila Ijumaa hufunga dirisha, huchemsha maji, hukoroga povu. Mwanahawa, mdogo wake Rukia, aliwachungulia wiki iliyopita.

Rukia ana miaka ishirini na minne. Alikuwa amekaa kitini, kitaulo shingoni, machozi yakimtoka, ametoa ulimi nje kabisa. Na ulimi wote, mpaka ndani kooni, ulikuwa umeota mvi.