Keria ya Mazengo

Ndugu zangu, sikilizeni habari za mwanamume mmoja wa Manyoni aliyeitwa Mazengo. Atakayejiona humu asinikasirikie mimi, akajitazame nyumbani kwake.

Ilikuwa zama za Mwingereza, na nyumba ile ilikuwa na amani. Alfajiri Redempta, mkewe, alitwanga uwele huku binti yao Lea akifukuzana na kuku uani. Mazengo alifunga madebe mawili kwenye keria ya baiskeli, akaenda kuteka maji. Baiskeli hiyo waliipata kwa karanga za misimu miwili, na aliyeinamia jembe zaidi alikuwa Redempta. Jumapili keria ile ile ilimbeba yeye na mtoto kwenda kanisani.

Kisha Boma likatangaza mashindano ya baiskeli, kutoka Kintinku bondeni, kupanda mlima, hadi Manyoni. Hapo akili za Mazengo zikahama.

Alitoa madigadi, akatoa kengele, akatoa na keria, ati baiskeli iwe nyepesi. Keria akampa Mughwai, mchuuzi wa mkaa wa Kintinku, kwa chupa ya mafuta ya cheni. Tangu siku hiyo madebe yakahamia kichwani kwa Redempta. Maziwa ya Lea yakawa ya bingwa, mayai yakawa ya bingwa, na mtetea aliyekuwa akiyataga naye akaingia chunguni kwa ajili ya misuli ya bingwa. Misuli gani? Mimi sikuiona.

Na mazoezi yenyewe? Mji wetu mnaujua, tambarare kama sinia, na siku za soko hupati pa kukanyaga. Huko ndiko alikozunguka, sokoni hadi stesheni, stesheni hadi sokoni, akimwaga kunde za akina mama kisha akiwatukana kwa kumzibia njia. Treni ya abiria ikiingia, alizidisha mbio ili wageni nao wamwone.

"Baba Lea," Redempta alimwambia, "mashindano ni ya kupanda mlima. Si ukajizoeze mlimani?"

"Mlimani nani ataniona? Nyani?"

Redempta alijitwika debe akaenda kuteka maji. Moyoni alimdharau, akaona haya kumdharau baba wa mtoto wake. Mimi sina haya hiyo.

Siku mbili kabla ya mashindano Lea alishikwa na homa kali, macho yakamgeuka. Dresa wa zahanati alimpima akasema, "Mama, huyu apelekwe hospitali ya misheni sasa hivi. Usingoje kesho." Hospitali ilikuwa kwenye ukingo wa mlima, juu ya Kintinku, nusu siku kwa miguu, na basi lilikuwa limeshaondoka. Redempta alikimbilia sokoni na mtoto mgongoni, akasimama mbele ya baiskeli.

"Baba Lea, mtoto anatutoka. Tupeleke."

Mazengo alishusha mguu mmoja. "Utakaa wapi? Keria haipo."

"Nitakaa hapo mbele, kwenye fremu."

"Mtanivunja miguu, na keshokutwa ni mashindano. Mpake maji baridi, homa itashuka." Akakanyaga pedeli akaenda zake, maana treni ilikuwa inaingia. Naam, mmesikia sawasawa.

Aliyewabeba ni Mughwai. Alilishusha gunia lake la mkaa hapo hapo sokoni, akaikung'uta keria kwa kofia. "Panda, shemeji." Redempta alipokaa aliutambua ule mpindo wa chuma uliokuwa ukimchoma pajani kila Jumapili. Alilia njia nzima, kwa hasira.

Lea alichomwa sindano, na siku ya pili akaomba uji.

Siku ya mashindano Redempta alisimama kando ya barabara nje ya hospitali, Lea mgongoni, kibuyu cha maji mkononi. Wakapita waendesha baiskeli wote. Vumbi lilipokwisha kutulia ndipo bingwa akatokea, anaisukuma baiskeli yake nyepesi kwa mikono, maziwa ya mtoto yamemrudi hadi kidevuni. Nyuma yake akaja Mughwai, asiyeshindana na mtu, anapeleka mkaa wake sokoni kama kawaida. Akamfikia, akampita.

"Mughwai, nibebe," Mazengo alimwomba.

"Ningekubeba, bwana, ila keria imejaa."

Ndipo Mazengo alipomwona mkewe. "Mama Lea, nakufa. Nisaidie."

Redempta alimpa kibuyu. "Jipake maji baridi," alisema. "Itashuka."

Baba yake, mzee Antipasi, alipanda kutoka Kintinku akawachukua binti na mjukuu. Baada ya wiki Mazengo aliwafuata, pamoja na wazee wawili wa kumwombea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee aliitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, mbele hadi nyuma. "Mkwe, mke wako umekuja kumbeba wapi?"

Mazengo aliiondoa baiskeli ukutani. Alirudi Manyoni peke yake, na baiskeli ilikuwa nyepesi kweli kweli.

Funzo

Baiskeli si dhambi, wala mbio si dhambi. Lakini mwanamume anayetafuta sifa za sokoni kwa maziwa ya mtoto wake ni mwizi wa nyumba yake mwenyewe. Nanyi mnaopunguza mzigo ili mwende mbio, angalieni kwanza ni nani mnayemshusha.